Kunusa Bonde la Spey

Bonde la mto Spey humpokea mgeni kwa harufu. Ukishuka treni Elgin, kaskazini-mashariki mwa Uskoti, ukapanda basi linaloelekea kusini, mwanzoni huoni cha kukusimamisha: mashamba ya shayiri, ng'ombe weusi wasio na pembe, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, mawingu yaliyoinama. Kisha barabara inateremkia Rothes, dereva anafungua mlango abiria ashuke na kapu lake, na hewa inayoingia imebeba nafaka moto, utamu mzito, na uchachu kwa mbali. Hiyo ni shayiri iliyooteshwa, ikakaushwa, ikasagwa, na sasa inaoshwa kwa maji ya moto iachie sukari yake. Machicha yanayobaki wanalishwa wale ng'ombe.

Viwanda vya wiski ya kimea vipatavyo 50 vimebanana katika eneo hili, vingine vikitazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto. Utavitambua kwa mapaa yao yaliyochongoka mithili ya mahekalu ya Asia. Charles Doig, msanifu majengo wa Elgin, alilichora paa la kwanza la namna hiyo kwa ajili ya kiwanda cha Dailuaine mwaka 1889, ili moshi wa tanuri la kukaushia kimea upande vizuri. Siku hizi viwanda vingi hununua kimea kilichokwisha kukaushwa kwingine, na mapaa yamebaki pambo, lakini bila hayo bonde lingekuwa halina uso.

Nilikuja kwa jambo moja: wiski iliyolazwa katika mapipa ya mvinyo wa sheri. Rafiki zangu wa Dar es Salaam na Nairobi wanaoipenda huisifia rangi yake na bei yake. Wanaiinua glasi kwenye taa ya baa, wanasema tazama ilivyokoza, na shauri limekwisha. Nilikuwa na shaka kwamba rangi na bei ni mashahidi wabaya wote wawili, nikataka kuwahoji mahali pale pale wanapotoka. Shaka imekuwa sahihi. Nililopata juu yake, ambalo sikulitarajia, ni kwamba mtu aliyekulia Pwani kwenye karafuu, nazi na tende ana pua iliyo tayari kwa kazi hii kuliko anavyodhani.

Msomaji asiyegusa kileo naye asifunge ukurasa. Wachanganyaji wakuu wa viwanda hivi hunusa kutwa nzima na kumeza kidogo sana, na mengi nitakayosema yanahusu mbao, baridi na mto.

Kwanza sheria, maana Waskoti wameifunga wiski yao kwa kamba nyingi. Kanuni za mwaka 2009 zinasema wiski ya kimea ya kiwanda kimoja itengenezwe kwa maji, chachu na shayiri iliyooteshwa peke yake; ikenekwe katika mitungi ndani ya kiwanda hicho hicho; ilazwe Uskoti, katika mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, kwa miaka isiyopungua 3; na itiwe chupani ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Umri ukiandikwa kwenye chupa, ni wa kinywaji kichanga kuliko vyote vilivyochanganywa humo. Vitu viwili tu vinaruhusiwa kuongezwa: maji, na rangi ya karameli. Kumbuka hiyo rangi, tutakutana nayo mbele.

Kabla ya kamba hizo, watu wa milima hii walikuwa wapika gongo, na siwatukani. Walipikia mabondeni usiku, wakawapiga chenga wakusanya ushuru, wakasafirisha mzigo kwa vijia vya farasi. Sheria ya mwaka 1823 ilishusha kodi na kurahisisha leseni, na George Smith wa Glenlivet akawa wa kwanza katika eneo lake kuichukua, mwaka 1824. Majirani walioona amewasaliti walimtishia kumchomea kiwanda, naye akawa anatembea na bastola mbili kiunoni. Kenya ilihalalisha chang'aa mwaka 2010, kwa hiyo mchezo huu wa serikali na mpishi wa usiku si mgeni kwetu. Tofauti ni kwamba wapishi wa Spey, baada ya kutoka gizani, walipata muda wa kusubiri, na kusubiri kwenyewe kukawa ndiyo bidhaa.

Kijiji cha Craigellachie kiko mahali ambapo mto mdogo wa Fiddich unaingia Spey. Kuna daraja la chuma alilolisanifu Thomas Telford, likakamilika mwaka 1814: upinde mmoja mwembamba unaovuka mto bila nguzo majini, na vinara vya mawe kwenye ncha zake. Magari yamehamishiwa daraja jipya, hivyo hili la zamani ni la waendao kwa miguu, na unaweza kuegemea chuma ukakaa utakavyo. Spey ni mto wa mbio. Unatoka milima ya magharibi na kwenda zaidi ya kilomita 170 hadi ghuba ya Moray, na maji yake ni ya kahawia kwa sababu ya mboji ya huko juu. Wavuvi wa samoni husimama ndani yake hadi kiunoni, wakizungusha fimbo ndefu za mikono miwili, na mtu anaweza kuwatazama asubuhi nzima bila kuona samaki hata mmoja akitolewa. Hawaonekani kujali. Vijitabu vya watalii vinasema siri ya wiski ni maji haya. Mimi naona maji yanasifiwa kupita mchango wake; ni mazuri, ni baridi, yanafaa kupozea mvuke, lakini kinachotofautisha glasi moja na nyingine kiko mlimani kidogo juu ya kijiji, kwenye karakana ya mapipa.

Karakana ya Speyside ilianzishwa mwaka 1947, na ua wake umejaa mapipa yaliyorundikwa hadi kuwa vilima. Kutoka roshani ya wageni unawatazama mafundi chini. Kelele ni kubwa mno. Fundi analipwa kwa pipa, si kwa saa, na mwendo wake unaonyesha hivyo: analivua pipa pete za chuma, anang'oa ubao mbovu, anachagua mwingine kwenye rundo kwa jicho, anaupachika, anachomeka tete kavu kwenye kiungo ili pasivuje, anarudisha pete kwa nyundo huku akilizunguka pipa mbiombio. Hakuna msumari, hakuna gundi. Kuujua ufundi huu ni uanagenzi wa miaka 4. Mwisho pipa lililochoka huchomwa ndani kwa moto hadi lifanye ngozi ya mkaa, likapata umri mwingine.

Kutoka pale juu hata mgeni anaona kwamba mapipa yana makabila mawili. Mengi ni madogo, ya lita 200 hivi, yaliyotoka Kentucky: sheria ya Marekani inataka bourbon ilazwe kwenye mwaloni mpya, kwa hiyo pipa likitumika mara moja linatafutiwa mnunuzi, na Uskoti ni mnunuzi asiyechoka. Machache ni makubwa, ya lita 500, mbao nene, tumbo pana. Hayo ni ya Jerez, na bei yake ni mara kadhaa ya yale ya Kentucky.

Ili kuyaelewa inabidi tuondoke kwenye mvua kidogo. Jerez de la Frontera iko kusini mwa Hispania, Andalusia, na pamoja na Sanlúcar de Barrameda na El Puerto de Santa María inafanya pembetatu ya mvinyo wa sheri. Ardhi ya mizabibu ni nyeupe ya chokaa, inayoumiza macho adhuhuri. Zabibu kuu ni Palomino. Mvinyo wake mwepesi hukua chini ya utando wa chachu unaoukinga na hewa, nao huitwa fino. Mwingine huongezwa kilevi hadi asilimia 17 au zaidi, chachu ikafa, hewa ikaingia, na miaka ikaugeuza kuwa kahawia wenye harufu ya jozi na ganda la chungwa: huo ni oloroso, mpenzi mkuu wa wiski. Wa tatu, Pedro Ximénez, hukamuliwa kutoka zabibu zilizoanikwa juani hadi zikasinyaa, na ni mzito kama asali.

Kwa zaidi ya karne moja sheri ilisafirishwa hadi Bristol, London na Leith ikiwa ndani ya mapipa. Mvinyo ukiisha, pipa tupu lilibaki bandarini, na Mskoti si mtu wa kuacha pipa zuri lioze. W. P. Lowrie, mfanyabiashara wa Glasgow, anatajwa miongoni mwa waliotambua mapema, katika karne ya 19, kwamba pombe iliyolazwa humo ilitoka na kitu zaidi ya ilichoingia nacho. Utaratibu huo ulikatika katika miaka ya 1980, Hispania ilipotaka sheri itiwe chupani kwao. Tangu hapo mapipa ya sheri hutengenezwa kwa makusudi. Viwanda vya wiski huagiza pipa jipya Jerez, likajazwa mvinyo kwa mwaka mmoja au miwili, kisha likamwagwa na kupelekwa Uskoti. Mvinyo uliotumika kulivisha pipa kwa kawaida hauuzwi kama sheri. Huishia kwenye siki au kukenekwa kuwa brandi. Yale mapipa meusi ya mababu unayopigwa nayo picha ndani ya maghala ya Jerez hayaendi popote, kwanza kwa sababu wenyewe wanayahitaji, pili kwa sababu mbao zake zilikwisha toa kila kitu zamani. Muuzaji atakayekuambia wiski yako ililala kwenye pipa lililokaa na mvinyo miaka 50, mnunulie yeye toti ili anyamaze.

Mbao zenyewe zina mengi ya kusema kuliko mvinyo. Mwaloni wa Ulaya, unaokatwa Galicia na Cantabria kaskazini mwa Hispania, una utomvu mwingi wenye ukakasi na hutoa eujenoli, ile ile inayoifanya karafuu ya Pemba iwe karafuu. Mwaloni wa Marekani, ambao pia hutumika sana Jerez, hutoa vanila na aina ya mafuta yanayonukia nazi. Kwa hiyo chupa mbili zote zinaweza kuandikwa pipa la sheri, moja ikakupeleka Wete msimu wa kuanika karafuu, nyingine jikoni kwa mtu anayekuna nazi. Vitabu vya Kiingereza vya wiski vimejaa keki za Krismasi. Sikuwahi kuzihitaji.

Nilipotaka kukaa chini na glasi nilikwenda Glenfarclas, Ballindalloch, kiwanda kilicho peke yake uwandani chini ya mlima Ben Rinnes wenye mita 840. Leseni yake ni ya mwaka 1836. John Grant alikinunua mwaka 1865 kwa pauni 511 na shilingi zake, na hadi leo kiko mikononi mwa ukoo huo huo, jambo adimu katika bonde ambalo milango mingi ina jina la zamani nje na kampuni ya kimataifa ndani. Mitungi yao ya shaba ni mikubwa na bado inapashwa kwa moto wa moja kwa moja chini ya kitako, wakati karibu wote wengine hutumia mvuke unaopita kwenye mabomba. Mwaka 1981 walijaribu mvuke, wakaona pombe imepungua uzito, wakarudia moto. Napenda watu wanaoweza kujaribu jambo la bei nafuu kisha wakaliacha.

Ghala ndilo lililonifanya nilipende bonde hili. Mlango mzito, giza, sakafu ya udongo mtupu, kuta nene za mawe, paa la vibao vya mawe, na mapipa yamelala kwa ubavu safu tatu tu kwenda juu. Baridi inakushika vifundo vya miguu hata kiangazi. Udongo unatoa unyevu, unyevu unaingia hewani, na hewa inapita kwenye mbao. Kila mwaka karibu asilimia 2 ya kilicho ndani hupotea hivyo. Waskoti huliita fungu la malaika. Nje, kuvu nyeusi inayoishi kwa mvuke huo imepaka kuta na magome ya miti kana kwamba palikuwa na moto. Kwenye joto kavu la Kentucky maji ndiyo hukimbia haraka, na ukali wa wiski hupanda kadiri inavyozeeka. Hapa kwenye ubaridi na unyevu kilevi ndicho kinachotangulia kuondoka, kwa hiyo wiski inayoingia pipani na asilimia 63.5 hushuka taratibu, mwaka baada ya mwaka. Hali ya hewa ya Spey, ambayo kila mtu kwenye basi huilalamikia, ndiyo inayoiwezesha wiski kukaa kwenye pipa lenye nguvu miaka 15 au 25 bila kuharibika. Ukilichukua pipa hilo hilo la Jerez ukaliweka kwenye joto la Tanga, mbao zitaimeza pombe mapema sana.

Kuonja kwenyewe kunafanyika kwenye chumba kilichopambwa kwa mbao za meli kubwa ya abiria, Empress of Australia, zilizonunuliwa meli ilipovunjwa. Unakaa kwenye anasa ya karne iliyopita, mvua inapiga dirisha, mbele yako glasi yenye tumbo na shingo nyembamba. Glasi hii ya Glencairn ilianza kuuzwa mwaka 2001. Kabla yake wapimaji walitumia bilauri ndogo ya sheri yenye mguu, na wengi bado wanaitumia. Bilauri pana ya baa, ile ya barafu, ni ya kunywea, haifai kupimia, maana harufu yote inakimbia pembeni.

Mwombe mwenyeji akupe kwanza kitu ambacho wageni wengi hukiruka: pombe mpya, nyeupe pe, iliyotoka mtungini kabla ya kuona pipa. Usiimeze, inuse tu ikiwa na maji mengi. Utakuta peari, majani mabichi, nafaka, na ya hapa ina unene fulani wa mafuta unaotokana na ule moto. Ihifadhi puani. Hukumu yote inayofuata inategemea kumbukumbu hiyo.

Kisha rangi. Ya Glenfarclas ya miaka 15 ni ya kaharabu iliyokoza, na kiwanda hiki hakitii karameli, kwa hiyo unachokiona ni mbao. Kwingineko huna hakika hiyo. Ujerumani na Denmark zinataka rangi ya kuongezwa itajwe kwenye lebo. Chupa nyingi zinazofika kwetu hazisemi lolote. Hata pale isipoongezwa, weusi wa wiski unakueleza tu kwamba pipa lilikuwa jipya kwenye kazi hii, haukuelezi kama lilikuwa zuri. Ile mistari inayoteremka ukutani mwa glasi nayo inaonyesha kilevi kingi, basi. Nimeona watu wazima wakiipigia makofi.

Pua sasa. Fumbua mdomo kidogo ili ukali usikuchome, sogeza glasi chini ya tundu moja la pua, kisha jingine, usivute kwa pupa. Hii ya miaka 15 imetiwa chupani kwa asilimia 46, nguvu ambayo naiona ni kipimo chake. Mwanzo ni zabibu kavu na sukari guru. Ukiipa dakika, tende inakuja, ile laini ya Madina wala si ngumu ya mwezi mzima sokoni, kisha ganda la chungwa, na nyuma yake karafuu, si ya unga, ni ile nzima uliyoivunja kwa kidole. Kuna kungumanga na halua. Kuna ngozi ya kiti cha zamani. Na ukisubiri zaidi, chini kabisa, ipo ile nafaka nyeupe na ule unene wa mafuta, shayiri yenyewe, iko hai baada ya miaka yote hiyo.

Hapo ndipo ninapoitia alama. Pipa la sheri ni viungo, na pombe ya kiwanda ni mchele: pilau iliyozidishwa bizari na karafuu inaweza kukushangaza kijiko cha kwanza, lakini ukifika cha nne unajiuliza wali uko wapi. Chupa nyingi zinazosifiwa leo zimepikwa hivyo. Mpimaji aulize kama kiwanda bado kinasikika, na hatapata jibu kwenye lebo, hata iandike umri mkubwa kiasi gani.

Tia matone machache ya maji. Wako wanaoona ni dhambi; hao wasikutie hofu. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus cha Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, walionyesha kwa kompyuta kwamba maji yakiongezeka, chembe za gwayakoli, mojawapo ya zile zenye harufu ya moshi na viungo, hukusanyika karibu na uso wa kinywaji, mahali pua inapozifikia. Wachanganyaji walikuwa wakifanya hivyo miaka mingi bila kompyuta: hupunguza hadi karibu asilimia 20 kisha hunusa. Hapa maji yalifungua chungwa na kuirudisha nyuma ngozi.

Mdomoni izungushe polepole kabla ya kumeza. Utamu unatangulia, kisha viungo vinapanda pembeni mwa ulimi, na mwisho ukakasi. Ukakasi ni kipimo kizuri sana. Ukiwa kiasi, unaukausha utamu na kukufanya utamani tone jingine. Ukizidi, ulimi unashikwa kana kwamba umetafuna bibo bichi, nayo ni dalili kwamba pombe ilikaa muda mrefu mno kwenye mwaloni wa Ulaya uliokuwa na nguvu bado. Ya miaka 15 iko upande salama wa mpaka huo, ingawa inautazama. Ladha yake inabaki kooni muda mrefu, ikaishia kwenye kahawa chungu na jozi. Ningeipa nafasi ya juu kati ya zote nilizoonja bondeni, juu ya ndugu zake wakubwa wawili watatu walioigharimu zaidi mifuko ya wengine.

Kuna kasoro moja ya mapipa haya lazima uijue. Pipa tupu likiachwa, mvinyo uliobaki ndani unageuka siki, hivyo tangu zamani huchomwa kibiriti cha salfa ndani ili kulisafisha. Salfa ikibaki, inaingia kwenye wiski: njiti iliyozimwa, mpira uliochomwa, maji ya mayai. Wapo wanaoipenda kidogo, wakisema inaongeza nyama. Katika baa moja ya bonde hili nilimiminiwa toti ya wiski yenye sifa nyingi na bei ya kutisha, nikakutana na njiti hiyo tangu pumzi ya kwanza. Mzee aliyekaa jirani yangu hakuinusa hata nilipomwonyesha, na alikuwa mkweli: watu wengi pua zao haziioni. Kwa hiyo ukiiona peke yako mezani, usijidharau wala usibishane.

Kuhusu bei sina mengi. Novemba 2023, huko London, chupa ya Macallan iliyokenekwa mwaka 1926 na kulala miaka 60 kwenye pipa la sheri ilipigwa mnada kwa zaidi ya pauni milioni 2. Kutoka pipa hilo zilitoka chupa 40. Kiwanda chenyewe kiko ng'ambo ya mto kutoka Craigellachie, na jengo lake jipya la mwaka 2018 limefunikwa kwa paa la nyasi linalopanda na kushuka na vilima. Kwa macho yangu ni jengo zuri kuliko yote niliyoyaona kaskazini mwa Uskoti. Lakini chupa ya milioni 2 hainywewi, na isiyonywewa haipimiki.

Afadhali uende kwa miguu. Reli ya zamani iliyopita kando ya Spey ilifungwa katika miaka ya 1960, na sehemu yake sasa ni njia ya watembeao inayounganisha Craigellachie na Aberlour, tambarare, miti pande mbili, mto kulia kwako. Aberlour ina barabara kuu moja pana, duka la mikate linalonukia siagi, na daraja la waenda kwa miguu ambalo zamani ulilipa peni moja kulivuka. Hapo ndipo inapotoka wiski ya A'bunadh, iliyoanza mwaka 1997: mapipa ya oloroso yanayotumika kwa mara ya kwanza kwa wiski, haikuandikwa umri, haikuongezwa maji, nguvu yake ni karibu asilimia 60 na kila toleo lina namba yake. Baada ya Glenfarclas, hii inaingia chumbani kwa kishindo. Karafuu, cheri, chokoleti chungu, joto kifuani. Inahitaji maji zaidi ya matone, na ikipewa inatulia vizuri ikakuonyesha ndizi mbivu ambazo nadhani ndizo pombe ya kiwanda. Toleo na toleo hutofautiana, na hilo silihesabu kuwa kosa. Ni ushahidi kwamba hakuna aliyekuwa akiisawazisha kwa karameli. Ikiwa mgeni wako nyumbani anataka kujua mara moja pipa la sheri linafanya nini, mmiminie hii. Ikiwa mnataka kukaa mkazungumza hadi usiku, fungua ile ya miaka 15.

Ukikodi gari, fahamu kwamba tangu Desemba 2014 kiwango cha kilevi kinachoruhusiwa kwa dereva Uskoti ni cha chini kuliko Uingereza, na toti moja inaweza kukufikisha hapo. Viwanda vinalijua hilo. Mwambie mwenyeji kuwa unaendesha, naye atakufungia sehemu yako kwenye vichupa uondoke navyo. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei kuna tamasha la wiski bonde zima, na vyumba hujaa miezi kabla. Mimi nachagua Septemba: shayiri inavunwa, samoni wanaruhusiwa kuvuliwa hadi tarehe 30, na nyumba za wageni hazikubembelezeshi. Beba sweta la sufu kwa ajili ya ghala. Udi na marashi viache kwenye sanduku, maana vikikaa kwenye nguo utashinda mchana ukipima udi wako, na wenzako mezani watakuwa wanaupima pia.